Kupanga apatimenti ya wawili mashambani Italia: mwongozo kamili, kuanzia ujumbe wa kwanza hadi kurudisha funguo

Makosa yanayowaumiza watu ni yale yale kila msimu. Mtu anaona picha ya nyumba ya mawe juu ya kilima cha Toscana, miberoshi imejipanga njiani, bei ya usiku inavumilika, analipa. Akifika anakuta nyumba iko kilomita nne ndani ya barabara ya changarawe naye hana gari. Au kitanda ni sofa la kukunjua. Au hesabu ya mwisho imepanda euro 150. Au viza imekataliwa na arubuni imeishia hukohuko.

Yote haya yanazuilika kabla hujatuma hata senti moja. Mfano tunaoutumia hapa ni mkoa wa Siena, ndani ya jimbo la Toscana, hasa bonde la Orcia (Val d'Orcia) lenye miji midogo ya Pienza, San Quirico d'Orcia na Montalcino: watu wawili, wiki moja. Ukienda Umbria au Marche utabadilisha majina ya miji tu, mengine yanabaki kama yalivyo.

## Andaa hivi kwanza

- Pasipoti mbili, kila moja imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na itaendelea kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.
- Kadi ya krediti yenye jina la yule atakayeendesha gari. Kampuni nyingi za magari hukataa kadi ya debiti kwa ajili ya dhamana.
- Leseni ya udereva pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kenya hutolewa na AA Kenya.
- Euro 200 hadi 250 taslimu kwa kodi ya malazi na dhamana ya nyumba. Wenye nyumba wengi wa mashambani hupokea hizo mkononi.
- Adapta mbili zenye pini mbili nyembamba za duara. Zile nene za Kijerumani haziingii kwenye soketi nyingi za zamani za Italia.
- Bima ya safari. Kwa anayeomba viza, kima cha chini cha matibabu ni euro 30,000.

## Hatua ya 1: Amua habari ya gari kabla ya kutafuta nyumba

Watu huanza na nyumba, kisha huuliza watafikaje. Geuza mpangilio huo. Mashamba ya Siena hayana daladala za kupita kila baada ya dakika kumi. Basi hupita mara chache, na Jumapili huwa haba zaidi.

Kama hamtakuwa na gari, tafuteni apatimenti ndani ya mji mdogo wenyewe, kwa Kiitaliano *borgo* au *centro storico*. Buonconvento ina kituo cha treni kwenye njia ya Siena kwenda Grosseto, na Chiusi-Chianciano Terme iko kwenye njia ya Roma na Firenze. Mandhari ya kilimani mtayaona kwa matembezi, na mkate mtaununua kwa miguu. Kwa watu wawili wasio na gari, hili ni chaguo zuri kuliko nyumba ya shambani yenye bwawa la kuogelea.

Kama mna gari, nyumba ya shambani, yaani *agriturismo*, ndiyo yenye raha. Hapo mwenyeji ni mkulima kwa mujibu wa sheria: kilimo lazima kibaki kazi yake kuu, wageni ni nyongeza. Ndiyo maana utasikia trekta saa kumi na mbili asubuhi wakati wa mavuno ya zabibu.

Umefaulu ukiweza kutaja duka la chakula lililo karibu, umbali wake, na mtakavyofika.

## Hatua ya 2: Chagua wiki

Julai na Agosti nyumba nyingi hukodishwa kwa wiki nzima tu, Jumamosi hadi Jumamosi. Ukitaka siku nne utajibiwa hapana, au utatozwa karibu na bei ya wiki. Bei ziko juu, joto ni kali, na karibu na sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15 Agosti, Waitaliano wenyewe wako likizo.

Kwa wawili, wiki za mwisho wa Mei na katikati ya Septemba ndizo bora. Mei siku ni ndefu, na wenye nyumba wako tayari kuzungumza.

Jihadharini na Aprili na Oktoba. Ukuta wa mawe wa nusu mita hutunza baridi kama mtungi unavyotunza maji. Kwa nyumba za makazi sheria inapanga majira ya kupasha joto: katika kanda ya hali ya hewa D ni tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, na katika kanda E ni 15 Oktoba hadi 15 Aprili. Ukifika tarehe 5 Oktoba mvua ikinyesha, huenda kuni za mekoni ndizo pekee zitakazowapa joto. Uliza kama zipo na zinauzwaje.

## Hatua ya 3: Soma tangazo kwa maneno, si kwa picha

- Monolocale: chumba kimoja, kitanda, meza na jiko vyote pamoja.
- Bilocale: chumba na sebule. Hiki ndicho mnachotafuta.
- Angolo cottura: kona ya kupikia, mara nyingi moto wa mafiga mawili bila oveni. Anayependa kupika atafute *cucina abitabile*, jiko lenye nafasi ya kukaa na kula.
- Letto matrimoniale: kitanda cha wawili, kwa kawaida upana wa sentimita 160.
- Letto alla francese: cha wawili lakini upana ni sentimita 140. Mtu mrefu na mwenzake watagombania shuka.
- Divano letto: sofa linalokunjuliwa. Tangazo la "watu 2 hadi 4" mara nyingi linalihesabu.
- Primo piano: ghorofa ya kwanza juu ya ile ya chini. Ya chini huitwa *piano terra*. Mwenye magoti mabovu asichanganye.

Kama picha zote ni za bustani na bwawa na hakuna hata moja ya bafu, omba picha ya bafu. Bafu nyingi za nyumba za kale zimebanwa chini ya ngazi.

## Hatua ya 4: Kagua namba ya CIN

Kila nyumba inayokodishwa kwa watalii Italia inatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya taifa, *Codice Identificativo Nazionale*, kwa kifupi CIN. Lazima ionekane kwenye tangazo na nje ya jengo. Tangazo lisilo na CIN liache, hata kama picha ni nzuri.

Kuna ukaguzi mdogo ambao wachache wanaujua. CIN huanza na herufi IT, kisha tarakimu za mji. Tarakimu tatu za kwanza ndizo mkoa: 052 ni Siena, 051 Arezzo, 048 Firenze, 053 Grosseto, 054 Perugia. Nyumba inayodaiwa kuwa Pienza lazima ianze na IT052. Ukikuta tarakimu za mkoa mwingine, uliza sababu kabla ya kuendelea. Huenda namba imenakiliwa kutoka tangazo la mtu mwingine.

Tafuta pia picha za tangazo kwa utafutaji wa picha wa intaneti. Sebule ileile ikijitokeza kwa jina lingine na mji mwingine, funga ukurasa.

## Hatua ya 5: Tuma ujumbe wenye maswali saba

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mkulima wa Toscana hujibu haraka zaidi akiandikiwa Kiitaliano, na jibu la maandishi ndilo litakalowatetea baadaye. Nakili ujumbe huu, badilisha tarehe:

*Buongiorno, siamo in due e cerchiamo un bilocale da sabato 12 a sabato 19 settembre 2026.*
*1. Il prezzo totale comprende pulizie finali, biancheria e riscaldamento?*
*2. Il letto è matrimoniale? Quanto è largo?*
*3. L'ingresso è indipendente? A che piano si trova l'appartamento?*
*4. Quanti chilometri di strada sterrata ci sono?*
*5. Quanti chilowatt ha il contatore?*
*6. Chiedete una caparra o un acconto? Viene restituito se il visto è rifiutato?*
*7. Potete mandarmi il CIN e le coordinate esatte?*
*Grazie e buona giornata.*

Sababu ya kila swali ni hii.

La 1 linafichua gharama zilizojificha: usafi wa mwisho, mashuka na taulo, na joto. Joto mara nyingi hulipwa kwa kusoma mita, kwa sababu mashambani gesi hutoka kwenye tangi la uwanjani, nayo ni ghali.

La 2 na la 3 yanazuia sofa na mlango wa kushirikiana na mwenye nyumba.

La 4 wengi hulidharau. *Strada sterrata*, au *strada bianca*, ni barabara ya changarawe nyeupe. Kilomita moja ni sawa. Nne, baada ya mvua, usiku, kwa gari dogo la kukodi lenye tumbo chini, ni jambo jingine. Bima ya kawaida ya gari la kukodi mara nyingi haigusi matairi, vioo wala sehemu ya chini ya gari.

La 5, linalouliza mita ya umeme ina kilowati ngapi, litaonekana la ajabu mpaka usome hatua ya 10.

La 6, la arubuni na viza kukataliwa, lina uzito wa kisheria, nalo limefafanuliwa katika hatua ya 7.

La 7 linahusu anwani. Mashambani utapewa "Località" (kitongoji) fulani na herufi *snc*, maana yake nyumba haina namba. Jina moja la località linaweza kuwa na mashamba mengi, na ramani ya simu itakupeleka katikati yake, yaani popote pale. Koordineti, yaani tarakimu za mahali kwenye ramani, hazikosei hivyo.

Umefaulu ukipata majibu saba kwa maandishi. Mwenyeji anayejibu matatu na kukuharakisha ulipe, mwache.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya kweli

Usilinganishe nyumba kwa bei ya usiku. Fanya hesabu kama hii, kwa tarakimu za mfano:

Usiku 7 kwa euro 95 ni 665. Usafi 50. Mashuka na taulo 20. Kodi ya malazi, *imposta di soggiorno*, euro 2 kwa mtu kwa usiku, watu 2, usiku 7: 28. Stempu ya risiti 2. Jumla 765, yaani zaidi ya euro 109 kwa usiku, si 95.

Kodi ya malazi hupangwa na kila mji, na mingi huweka kikomo cha idadi ya usiku zinazotozwa. Stempu ya euro 2, *marca da bollo*, huwekwa kwenye risiti isiyo na VAT inayozidi euro 77.47; usishangae ukiiona.

Dhamana ya uharibifu, *deposito cauzionale*, usiijumlishe kwenye gharama. Ni pesa yenu, inarudi. Lakini iwe mfukoni siku ya kufika.

## Hatua ya 7: Arubuni, benki na viza

Tofautisha *caparra* na *acconto*. Caparra confirmatoria ni arubuni halisi. Kwa kifungu cha 1385 cha Sheria ya Madai ya Italia, mkijitoa mnaipoteza. Mwenye nyumba akivunja makubaliano mnaweza kujitoa na kudai mara mbili yake. Acconto ni malipo ya awali tu, sehemu ya bei, na makubaliano yakivunjika hayana adhabu hiyo ndani yake. Neno lililoandikwa kwenye barua pepe ndilo litakaloamua. Msitume pesa kwa ujumbe unaosema "lipa kiasi kidogo" bila kutaja ni ipi.

Kama mnahitaji viza, na wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wanahitaji, ombeni sentensi hii iingie kwenye uthibitisho: *In caso di rifiuto del visto la somma viene restituita per intero.* Maana yake, viza ikikataliwa pesa yote inarudi. Wapo wanaokubali, hasa nje ya Agosti. Akikataa, tafuta nyumba yenye *cancellazione gratuita*, kughairi bila malipo, hadi tarehe iliyo baada ya siku mnayotegemea jibu la ubalozi.

Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45, hivyo msibane tarehe. Uthibitisho wa nyumba uwe na majina ya wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani, simu ya mwenyeji na CIN. Jina la mmoja likikosekana, maombi yake yanabaki bila mahali pa kulala.

Anayeishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali halali cha ukaazi haombi viza, ila abebe kibali pamoja na pasipoti.

Kutuma pesa. Akaunti ya Italia ina IBAN (namba ya kimataifa ya akaunti) ya herufi na tarakimu 27 inayoanza na IT. Ikianza na nchi nyingine, au jina la akaunti halifanani na la mwenye nyumba, uliza kwanza. Mkituma kutoka Nairobi au Dar es Salaam, mwambieni mhudumu wa benki achague OUR, yaani gharama zote zibebwe na anayetuma. Mkiacha kawaida, benki za katikati hukata njiani, arubuni inafika pungufu, na mwenyeji anahesabu hamjalipa.

Umefaulu ukiwa na barua pepe moja yenye bei nzima, tarehe, neno caparra au acconto, masharti ya viza, na risiti ya benki.

## Hatua ya 8: Gari na njia

Aliyezoea kuendesha kushoto, Kenya, Tanzania au Uganda, apange kufika mchana. Kwenye kipilefti mnazunguka kinyume cha mishale ya saa, na macho huangalia magari yanayotoka kushoto. Gia otomatiki iombwe mapema, si kaunta.

Kutoka Roma mnapanda barabara kuu A1 hadi kutokea Chiusi-Chianciano Terme. Mlangoni chukueni tiketi na muitunze, ndiyo mtakayolipia. Njia zenye alama ya njano za Telepass, za wenye kifaa cha kulipia bila kusimama, msiingie. Kutoka Firenze kuna barabara ya moja kwa moja hadi Siena isiyolipiwa, kisha barabara ya Cassia kupitia Buonconvento hadi San Quirico.

Onyo kubwa ni ZTL, *zona a traffico limitato*. Ni katikati ya miji ya kale, penye alama ya duara jekundu na kamera. Siena, Firenze na Montepulciano zinazo. Faini hupitia kampuni ya gari, ambayo hukata ada yake kwanza, na barua inaweza kuwafikia miezi mingi baadaye. Egesheni nje ya kuta, mwingie kwa miguu. Kama apatimenti yenu iko ndani ya ZTL, mtumieni mwenyeji namba ya gari siku hiyohiyo aisajili.

## Hatua ya 9: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Kupokelewa kwa kawaida ni kati ya saa kumi na saa moja jioni. Mkichelewa mjulisheni kwa WhatsApp. Mtu huyo huenda yuko shambani.

1. Toeni pasipoti zote mbili. Mwenyeji analazimika kupeleka taarifa za wageni polisi ndani ya saa 24. Hii si dalili ya utapeli. Asiyeuliza pasipoti kabisa ndiye wa kutiliwa shaka.
2. Pigeni picha kila chumba kabla ya kufungua mabegi: meza zenye mikwaruzo, ufa wa sinki, godoro.
3. Someni mita kama joto linalipwa kwa matumizi. Picha ya mita, mwenyeji akiwapo.
4. Tafuteni kizima moto na kitambua gesi. Nyumba za kukodisha kwa muda mfupi zinatakiwa kuwa navyo.
5. Ulizeni swichi kuu iko wapi. *Dov'è il contatore?*

## Hatua ya 10: Umeme, maji, taka

Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3 tu. Oveni inakula wati 2,000, birika la umeme wati 2,000. Mkiviwasha pamoja, swichi kuu inaruka na nyumba yote inazima, kimya. Hakuna kilichoharibika. Zimeni kimoja, nendeni kwenye boksi la mita, inueni swichi. Tatizo ni kwamba boksi hilo mara nyingi liko nje ukutani, au kwenye nguzo ya geti mita mia moja mbali, gizani. Ndiyo sababu ya swali la 5, na ndiyo sababu ya kuonyeshwa siku ya kwanza. Wekeni tochi karibu na mlango.

Maji ya moto hutoka kwenye tangi la lita 80 au pungufu. Wa kwanza akioga dakika kumi na tano, wa pili anaoga baridi. Pishaneni kwa nusu saa.

Taka hutenganishwa: *organico* mabaki ya chakula, *carta* karatasi, *plastica*, *vetro* chupa, na *indifferenziato* vilivyobaki. Kila aina ina siku yake. Pigeni picha ratiba iliyobandikwa jikoni. Mifuko iliyochanganywa haichukuliwi, na gharama hukatwa kwenye dhamana.

Maduka ya miji midogo hufungwa mchana, takriban saa saba hadi saa kumi, na mengi Jumapili alasiri. Mkifika Jumamosi, nunueni chakula cha siku mbili njiani.

Dharura ya aina yoyote ni 112. Usiku barabarani punguzeni mwendo: nguruwe mwitu na nungunungu huvuka bila taarifa.

## Hatua ya 11: Kuondoka

Muda wa kutoka ni kawaida saa nne asubuhi. Ada ya usafi wa mwisho haihusu vyombo: osheni sufuria, toeni taka, ondoeni chakula kwenye friji. Jiko chafu ndilo linalokatiwa dhamana kuliko chochote.

Someni mita tena pamoja na mwenyeji na mkubaliane tarakimu palepale. Dhamana iliyolipwa taslimu irudi taslimu kabla ya kukabidhi funguo. Iliyotumwa benki, ombeni tarehe ya kurudishwa kwa maandishi, na mmpe namba kamili ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki yenu; bila huo, pesa haivuki kutoka Italia kuja Afrika Mashariki.

Kama kuna kitu kilivunjika, kisemeni kabla hajakiona. Glasi moja kwa kawaida husamehewa. Ile iliyofichwa nyuma ya kabati ndiyo huletewa hesabu.